Kurithi Mkoba: Nguvu za Ukoo na Elimu katika Riwaya ya Akata Witch

Wazungumzaji wa Kiswahili husema kwamba fulani amerithi mikoba ya fulani. Msemo huu leo hutumika kwa kocha wa kandanda anayechukua nafasi ya mwenzake, kwa mwanasiasa anayemfuata mlezi wake, hata kwa mhariri wa gazeti. Picha iliyomo ndani yake, hata hivyo, inamkumbusha msikilizaji mganga: mkoba wenye dawa, vibuyu na hirizi, ambao mwenyewe anapozeeka humkabidhi mmoja wa kizazi chake. Ikumbukwe kwamba mkoba hauji na maelezo. Aliyeupokea bila kufundishwa mzizi upi unatibu na upi unaua ana mzigo begani, wala hana uganga.

Tofauti hiyo kati ya kuupokea mkoba na kuyajua yaliyomo ndiyo kiini cha riwaya ya vijana iitwayo Akata Witch, iliyoandikwa na Nnedi Okorafor na kuchapishwa nchini Marekani mwaka wa 2011. Utanzu inamoingia riwaya hii si mgeni kwa wasomaji wa leo. Ni riwaya ya kifantasia ambamo kijana, aghalabu mpweke na mwenye kudharauliwa, anagundua kwamba damu yake imebeba uwezo usio wa kawaida alioachiwa na wazazi au mababu. Tangu J. K. Rowling alipotoa kitabu cha kwanza cha Harry Potter mwaka wa 1997, motifu hii imerudiwa mara nyingi kiasi cha kuchosha. Makala haya yanalenga kuonyesha kwamba Okorafor anaichukua motifu hiyo kongwe na kuiuliza swali ambalo waandishi wengi wa utanzu huu hulikwepa: nguvu za kurithi zinakaa wapi hasa, mwilini mwa mrithi au katika yale anayojifunza? Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kama itakavyodhihirika, swali hili limewahi kuwa la uhai na mauti.

Mwandishi na kisa chake

Okorafor alizaliwa mwaka wa 1974 katika jimbo la Ohio, Marekani, na wazazi wa Kiigbo kutoka Nijeria. Kabla ya Akata Witch alikuwa ameshaandika Zahrah the Windseeker, riwaya ya vijana iliyotoka mwaka wa 2005 na kumpatia Tuzo ya Wole Soyinka ya Fasihi katika Afrika mwaka wa 2008. Huko nako kuna msichana aliyezaliwa na alama mwilini, nywele za aina ya pekee, ambayo jamii inaiogopa na ambayo inaashiria uwezo wa kupaa. Mtu aweza kusema kwamba mwandishi huyu amekuwa akiandika kisa kimoja kwa muda mrefu, akikizungushazungusha ili akione kila upande. Akata Witch imefuatiwa na Akata Warrior mwaka wa 2017 na Akata Woman mwaka wa 2022. Ile ya pili ilishinda tuzo ya kitabu bora cha vijana iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2018 na jumuiya ya wapenzi wa fasihi ya kisayansi duniani.

Mhusika mkuu, Sunny Nwazue, ana umri wa miaka 12. Alizaliwa New York, akaletwa Nijeria na wazazi wake akiwa na miaka 9, na sasa anaishi katika mji wa Aba, kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Sunny ana ualbino. Anapenda kandanda kuliko chochote, lakini jua linamchoma, kwa hiyo hucheza na kaka zake baada ya magharibi. Shuleni si Mwigbo wa kutosha kwa wenzake, na si Mmarekani wa kutosha kwa yeyote. Usiku mmoja umeme unapopotea na mshumaa kuwashwa, anaona katika mwali wake taswira ya dunia inayoteketea. Baadaye, kwa kupitia mwanafunzi mwenzake Orlu na rafiki ya Orlu aitwaye Chichi, anafahamu kwamba yeye ni mmoja wa Watu wa Chui, yaani wanajamii wa siri wenye uwezo wa kutumia juju. Anayekamilisha idadi ya vijana hawa wanne ni Sasha, mvulana mwenye asili ya Kiafrika aliyetumwa Nijeria kutoka Chicago baada ya utundu wake wa kijuju kumtia matatani.

Wanne hao wanafundishwa, wanaadhibiwa, wanavuka daraja jembamba kwenda Leopard Knocks, mji uliofichika machoni pa watu wa kawaida, na hatimaye wanatumwa na wazee wao kumkabili Black Hat Otokoto, mtu anayewateka nyara watoto, kuwaua na kuwakata viungo. Muhtasari huu unaweza kumfanya mtu aione riwaya kama mchezo wa watoto. Si hivyo. Jina Otokoto halikuokotwa hewani. Katika mji wa Owerri, mwendo mfupi kutoka Aba, jina hilo lilihusishwa mwaka wa 1996 na mauaji ya mtoto yaliyodaiwa kuwa ya kafara, na hasira ya wananchi ikazua ghasia kubwa. Msomaji wa Nijeria anapolikuta jina hilo katika kitabu cha vijana hahitaji kuelezwa kwamba mwandishi hafanyi mzaha.

Tatizo la majina

Kabla ya kuendelea, inafaa kutua kidogo kwenye majina, kwa kuwa hapo ndipo mfasiri yeyote wa Kiswahili atakapokwama kwanza. Neno akata hutumiwa na baadhi ya Wanijeria kwa dharau, likimlenga Mmarekani mweusi au Mwafrika aliyezaliwa ng'ambo. Uzito wake ulitosha kuifanya kampuni ya Cassava Republic, ilipoitoa riwaya hiyo kwa wasomaji wa Nijeria mwaka wa 2013, kuibadilisha anwani kabisa. Huko kitabu kinajulikana kwa jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Alichokiona Sunny katika Miali ya Moto. Ndani ya riwaya, anwani ya asili ni tusi ambalo Sunny anatupiwa na wenzake shuleni. Kejeli iliyopo ni kwamba tusi hilo linageuka kuwa kweli: ni mzaliwa wa Marekani, na ana uwezo wa juju. Wanaomtukana wamemtambua kabla yeye mwenyewe hajajitambua.

Sehemu ya pili ya anwani ni ngumu zaidi. Kwa Kiswahili, mchawi hasifiwi. Huyo ndiye mwanga wa usiku, mlozi, adui wa watoto wachanga na mifugo. Mganga naye hutazamwa kwa jicho la heshima lililochanganyika na hofu. Lugha yenyewe, kwa hiyo, imekwisha kutoa hukumu kabla ya kisa kuanza: uwezo ni ule ule, ila aliye nao huitwa hivi au vile kulingana na anachoufanyia. Kiingereza cha wamisionari na cha maafisa wa kikoloni hakikuwa na subira ya kutofautisha, na Sheria ya Uchawi iliyopitishwa nchini Kenya mwaka wa 1925 ilichangia kuyatia mengi katika kapu moja. Okorafor analikwepa kapu hilo kwa kutumia neno juju, na mwaka wa 2019 alipendekeza kwamba riwaya za namna hii ziitwe kwa jina linaloliunganisha neno hilo na Afrika, ili zisichukuliwe kuwa tawi tu la fantasia ya Ulaya. Kwa mfasiri, usalama uko katika kuliacha juju lilivyo. Wasomaji wa Kenya wanalijua tangu zamani, japo wengi wamelijulia kwenye ripoti za kandanda.

Halafu wapo chui na kondoo. Jina la Watu wa Chui linatokana na ekpe, neno la Kiefik lenye maana ya chui, ambalo pia ni jina la chama cha siri chenye historia ndefu katika eneo la Mto Cross, mpakani mwa Nijeria na Kamerun. Watu wasio na juju huitwa wanakondoo. Hapa Kiswahili kinaingiza utani wake, maana chui katika ngozi ya kondoo kwetu ni mnafiki, adui aliyejificha. Sunny ni chui katika ngozi ya kondoo kwa maana halisi kabisa: anaishi na wazazi wasiojua, anakula nao, anasoma shule ile ile, na kiapo alichofungwa kinamzuia kutamka lolote. Hata hivyo, hana hila. Msemo ambao kwetu ni wa lawama unageuka kuwa maelezo ya upweke. Tafsiri itakayofanywa siku moja itapata faida hii bila jasho, jambo ambalo ni nadra katika kazi ya kufasiri.

Mrithi asiye na mlango

Katika jamii ya Watu wa Chui, mambo ni rahisi kwa mtoto ambaye wazazi wake wote wawili ni Watu wa Chui. Anazaliwa ndani, analelewa ndani, na anayajua mambo tangu utotoni. Orlu na Chichi wamekua hivyo. Sunny hana bahati hiyo. Uwezo umemfikia kwa kuruka kizazi, kutoka kwa bibi yake mzaa mama, Ozoemena, ukampita mama yake kama mto upitavyo chini ya daraja. Watu wa aina yake wana jina maalumu ambalo wasomaji wa kurasa za michezo wangelitafsiri papo hapo, kwa kuwa ni lile lile la mchezaji huru asiye na mkataba na klabu yoyote. Uhuru huo si sifa. Maana yake ni kwamba hana wa kumdai na hana wa kumtetea.

Mwandishi ana njia ya werevu ya kutuonyesha dharau hiyo. Mwanzoni mwa sura anaweka madondoo kutoka kitabu cha kubuni, mwongozo kwa watu huru ulioandikwa na msomi aitwaye Isong. Sunny anapewa mwongozo huo kama kitabu chake cha kwanza cha kiada. Ndani yake anafundishwa mambo ya msingi, na papo hapo anaambiwa kwamba watu kama yeye ni wajinga, hatari na mzigo kwa jamii. Analazimika kujifunza kutoka kwa maandishi yanayomdharau. Vizazi vya Waafrika waliosoma historia ya bara lao katika vitabu vya watawala vinaijua hali hiyo. Sunny hakitupi kitabu. Anakisoma, anachuja, anachukua sheria na kuyaacha matusi. Hakuna mahali ambapo riwaya inasimama kutueleza kwamba hilo ni jambo la kishujaa, na pengine kutosimama huko ndiko kunakolifanya lisadikike.

Nyumbani nako kuna ukimya. Ozoemena hatajwi. Alionekana kuwa na wazimu, na mama yake Sunny, ambaye ni daktari, amelifungia jambo hilo mahali pasipofikika. Kwa hiyo Sunny amerithi mkoba ambao hata kuwapo kwake hakukutajwa. Hapa Okorafor anatofautiana na wenzake kwa namna inayoonekana. Harry Potter, akiingia katika ulimwengu wa wachawi, anakuta jina lake liko midomoni mwa watu na dhahabu aliyoachiwa na wazazi inamsubiri benki. Zélie wa Children of Blood and Bone, riwaya ya Tomi Adeyemi ya mwaka wa 2018, ana nywele nyeupe zinazomtangaza kuwa wa uzao wa wenye uwezo, na ana kumbukumbu ya mama yake aliyeuawa kwa ajili hiyo. Sunny hana jina, hana mali, hana kumbukumbu.

Chittim na thamani ya kujua

Mali ya Watu wa Chui huitwa chittim. Ni vipande vya metali vilivyopinda, vya shaba, shaba nyeusi, fedha na dhahabu, vinavyodondoka kutoka hewani mara tu mtu anapojifunza jambo la maana. Mtu akifumbua fumbo, akiielewa kanuni au akipata busara kutokana na kosa, vinaanguka miguuni pake, wala havimdhuru. Vyenye thamani kubwa zaidi ni vya shaba. Vya dhahabu ndivyo duni kuliko vyote. Kwa vipande hivyo watu hununua chakula, vitabu na visu vya juju. Hakuna njia nyingine ya kuvipata ila kujua.

Wasomaji wengi wamelichukulia jambo hili kama pambo la kupendeza. Kwa hakika ndilo nguzo ya riwaya. Okorafor ameunda ulimwengu ambamo uwezo unarithiwa lakini utajiri haurithiwi kwa njia hiyo, na ambamo mjinga wa ukoo mkubwa hana budi kuona vya shaba vikianguka kwa mtoto asiye na ukoo. Aliye juu katika jamii hiyo si mfalme wala tajiri bali ni mkuu wa maktaba, mwanamke aitwaye Sugar Cream, na maktaba yenyewe, Maktaba ya Obi, ndiyo kitovu cha mamlaka. Chichi na mama yake wanaishi katika kibanda duni kilichojaa vitabu, na hakuna anayewahurumia. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesubiri mkopo wa masomo hadi wiki ya mitihani atasamehewa akiusoma ukurasa huo kwa kutamani.

Kuna pia nsibidi, mfumo wa ishara uliotumika katika eneo hilo hilo la Mto Cross karne nyingi kabla ya ukoloni. Riwaya inaupa nsibidi nafasi ya maandishi yaliyo hai, yanayomtaka msomaji ajitoe ili ayaelewe. Hatua hiyo ina uzito wake katika bara ambalo liliambiwa kwa muda mrefu kwamba halikuwa na maandishi. Waswahili, waliokuwa wakiandika tenzi kwa hati za Kiarabu kabla ya Mzungu yeyote kufungua shule katika pwani yao, hawahitaji kushawishiwa sana kuhusu jambo hili.

Viungo na nguvu

Sasa turejee kwenye swali la msingi. Kila mmoja wa wale vijana wanne ana kitu ambacho ulimwengu wa kawaida unakiona kuwa kasoro. Orlu ana disleksia, na herufi zinamsumbua tangu utotoni. Chichi na Sasha hawatulii; akili zao hukimbia kuliko walimu wao. Sunny ana ualbino. Katika falsafa ya Watu wa Chui, kile kinachomtofautisha mtu ndicho mlango wa uwezo wake. Orlu, ambaye vitu hujipindua machoni pake, ana kipaji cha kutengua juju iliyofungwa na wengine. Sunny, ambaye tangu kuzaliwa ameonekana kama aliye nusu huku na nusu kule, anaweza kutoweka na kuingia upande wa mizimu na kurudi.

Kumpa mtoto mwenye ualbino uwezo wa kimiujiza ni jambo la hatari katika fasihi, na katika Afrika Mashariki hatari hiyo si ya nadharia. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, ziliripotiwa kutoka Kanda ya Ziwa nchini Tanzania habari za watu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, kwa imani kwamba viungo hivyo vingeleta utajiri katika migodi, uvuvi na siasa. Habari kama hizo zilitoka Burundi pia, na hofu ikavuka mipaka hadi Kenya. Serikali ya Tanzania ilitangaza mwezi Januari mwaka wa 2015 marufuku dhidi ya waganga wapiga ramli. Mwezi Desemba mwaka wa 2014, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeitenga tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uhamasisho kuhusu ualbino, na mwaka wa 2015 Ikponwosa Ero, mwanasheria wa Kinijeria mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mtaalamu huru wa kwanza wa Umoja huo kuhusu haki za watu hao. Je, riwaya inayosema kwamba msichana mwenye ualbino ana nguvu za ajabu haiwashi moto ule ule?

Jibu liko katika mhusika ambaye wahakiki humpitia haraka, yaani Black Hat. Naye aliwahi kuwa mwanafunzi. Mwalimu wake alikuwa Ozoemena, bibi yake Sunny, na alimwua ili ajitwalie uwezo wake. Baadaye anawaua watoto kwa sababu hiyo hiyo: anaamini kwamba nguvu ni kitu kilichomo mwilini, kinachoweza kukatwa, kuchukuliwa na kutumiwa na mwingine. Imani yake ndiyo imani ya mteja wa muuaji kule Kanda ya Ziwa. Sunny ana nguvu, naam, lakini hakuna sehemu ya mwili wake ambayo mtu angeweza kuichukua akazipata. Zinakuwa nguvu kwa kuwa anazisomea. Mwandishi amewaweka mrithi na mwizi ana kwa ana: mmoja amepewa mkoba asiouomba, akajifunza kuutumia, na mwingine ameuiba kwa kuua.

Ikilinganishwa na fasihi ya pwani ya Afrika Mashariki, tofauti inazidi kuonekana. Fumo Liyongo, jabali wa simulizi za Waswahili, hapenywi na chuma. Nguvu zake zimo katika mwili, na kwa kuwa zimo katika mwili, siri yake ni mahali pamoja tu, kitovu, na kifaa kimoja tu, sindano ya shaba. Mwanawe mwenyewe ndiye anayeipeleleza siri hiyo na kumwua, akitumaini zawadi ambayo haikuja. Liyongo hakuacha mkoba. Nguvu za mwili ziliishia na mwili. Ozoemena aliuawa pia na mtu aliyemlea kielimu, lakini alichokuwa nacho kiliendelea, kikajitokeza kwa mjukuu ambaye hakuwahi kumwona. Shaba iliyokuwa kifo cha Liyongo ndiyo inayodondoka kama malipo miguuni pa Sunny. Mwandishi hakukusudia ulinganisho huo, lakini msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuufurahia.

Panapouma

Riwaya hii haikosi dosari, na iliyo kubwa inahusu jua. Baada ya Sunny kuingizwa rasmi katika jamii ya Watu wa Chui, jua haliunguzi tena ngozi yake. Anaweza kucheza kandanda mchana, na katika tamasha moja anaingia uwanjani pamoja na wavulana na kuwashangaza wote. Kurasa hizo zinasisimua, wala si rahisi kumnyima mtoto furaha ile. Hata hivyo, juju imefanya hapo kile ambacho sehemu nyingine za riwaya zinakataa: imeiondoa kasoro badala ya kuitafsiri upya. Sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019, ya kwanza kuwahesabu watu wenye ualbino nchini, iliorodhesha 9,729. Kwa wengi wao jua la saa sita ni jambo la kila siku, linalohitaji mafuta ya kukinga ngozi, kofia na mikono mirefu, na saratani ya ngozi ni tishio la kweli. Msichana wa darasa la saba mwenye ualbino akikisoma kitabu hiki Turkana au Kwale atamfuata Sunny kwa shangwe hadi ukurasa huo, kisha ataachwa nje.

Yapo majina ambayo hayakuhitaji muujiza. Mumbi Ngugi aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Kenya mwaka wa 2011, mwaka ule ule riwaya ilipotoka, na Isaac Mwaura aliingia katika Bunge la Kitaifa mwaka wa 2013. Hao walifika walikofika jua likiwa jua. Kiswahili chenyewe kimekuwa kikijirekebisha katika kipindi hicho: neno zeruzeru, lililokuwa la kawaida katika kamusi na vitabuni, limeachwa na wengi kwa sababu ya kejeli iliyobeba, na mtu mwenye ualbino ndiyo istilahi inayopendelewa. Ingefaa riwaya iwe imesubiri kama lugha ilivyosubiri, imwache Sunny na ngozi yake na kumtafutia njia nyingine ya kuingia uwanjani.

Lawama ya pili hutolewa mara kwa mara, nayo haina mashiko sana. Inadaiwa kwamba si haki kwa wazee kuwatuma vijana wanne kumkabili muuaji. Riwaya inalijua hilo. Inaeleza wazi kwamba makundi yaliyotangulia yalishindwa na watu wakafa, na wazee hawajisingizii upole. Katika maadili ya Watu wa Chui, ulimwengu ni mkubwa kuliko mtu mmoja, hata akiwa mtoto, na anayefundishwa hufundishwa ili atumike. Ubaridi huo unakera, hasa kwa msomaji aliyezoea vitabu ambamo kila kijana ni kitovu cha dunia. Sunny naye unamkera, na analalamika. Kisha anakwenda, na ni yeye anayemkabili Ekwensu, nguvu ya kutisha ambayo Black Hat amejaribu kuiita kutoka upande wa mizimu, na kuirudisha ilikotoka.

Karibu na mwisho wa riwaya, Sunny anafikiwa na vitu alivyoacha Ozoemena. Hakuna dhahabu wala upanga. Ipo barua, na yapo maandishi ya nsibidi ambayo bado hawezi kuyasoma yote. Itamlazimu arudi maktabani.